Vifaa vya sanaa vimejaa Lamu, wacheni watoto wachore

Mhariri,

Assalaam aleikum, na asante kwa nafasi hii mnayotupa sisi wasomaji. Mimi ni mama, kazi yangu ni kupaka hina na piko hapa Langoni, Lamu, kazi nilioshikishwa na mamangu na yeye akashikishwa na mamake, na leo nimeona niandike manake hili jambo limenikaa rohoni na kila nikilitaja kwa wenzangu naona si mimi peke yangu.

Watoto wa Gredi 10 wa mtaala huu mpya wameanza Januari 2026, na wazazi wote sahii tunajua kuna mikondo mitatu, wa sayansi na hisabati na teknolojia, wa sayansi ya jamii, na wa sanaa na michezo. Mtoto wa dadangu huyu alikuwa anachora kabla hajajua kuandika jina lake, ukuta wa uani kwao wote ni mkaa, kwa hivo yeye akili yake yote ilikuwa kwa sanaa. Tukaenda mkutano wa wazazi kwa shule moja, jina sitalitaja, tukaambiwa sanaa tuisahau, sababu hakuna vifaa. Hakuna rangi, hakuna brashi, hakuna karatasi nzito za kuchorea, hakuna chumba. Wazazi wakatikisa vichwa kukubali, mkutano ukaendelea na habari ya ada na yunifomu, mtoto akarudi nyumbani ameshika penseli yake anauliza sasa yeye afanye nini.

Mimi nasema hiyo sababu ya vifaa haisimami. Wangesema walimu wa sanaa ni wachache ningeelewa, hilo ni tatizo la kweli na lina njia zake. Lakini vifaa, na hapa Lamu? Hebu nieleze kwa nini nakataa.

Kuna mama wa hapa hapa Kenya anaitwa Rosemary Karuga, natamani kila mwalimu amjue. Alizaliwa Meru 1928, mwanzo wa miaka ya 1950 akasomea sanaa Makerere kule Uganda, mwanamke wa kwanza kusoma katika ile shule yao ya sanaa. Akarudi akafundisha watoto miaka na miaka, na sisi kina mama tunajua mambo yanavokuwa, nyumba na watoto na shamba, kuchora kukakaa kando. Mwishoni mwa miaka ya 1980, tayari ashakuwa bibi wa watu, ndo akaishika sanaa tena, na pesa za kununua rangi hana. Sasa akafanya nini, akachukua makaratasi ya sabuni ya Rexona na mifuko ya unga, zile tunazotupa jikoni kila siku, akazikata vipande vidogo vidogo akavibandika kimoja juu ya kingine, rangi ya sabuni ikawa ndo rangi yake. Watu, wanyama, maisha ya kijijini, vyote kwa makaratasi ya dukani. Mwaka wa 1990 kazi zake zikawekwa New York, kwenye maonyesho ya wasanii wa Afrika pale Studio Museum in Harlem, akaheshimika mpaka akafariki 2021. Huyu alikuwa mwalimu wa shule jamani, kama hawa hawa wetu, na kitu alichokuwa nacho ni mkasi, gundi na taka za jikoni.

Na si yeye tu. Tanzania hapo jirani Edward Said Tingatinga alipoanza Dar es Salaam mwaka wa 1968 alitumia rangi za mafuta za kupakia baiskeli juu ya vipande vya hadibodi, na leo hakuna duka la watalii pwani yote hii halina picha za mtindo wake, hata hapa kwetu zinaning'inia vichochoroni. Cyrus Kabiru wa Nairobi alipokuwa mtoto alitaka miwani, babake akamwambia ukitaka miwani jitengenezee, akajitengenezea kwelikweli, kwa waya na vijiko na vizibo na vyuma vya jaani, na hizo miwani zake zimezunguka dunia kama kazi za sanaa.

El Anatsui nataka nikae kwake kidogo kwa sababu kazi yake mimi naielewa kwa mikono yangu. Ni Mghana aliezaliwa 1944, amefanyia kazi zake miaka mingi Nsukka, Nigeria. Mwishoni mwa miaka ya 1990 aliokota mfuko wa vifuniko vya chupa za pombe, na msinielewe vibaya, sisifu pombe hapa, yeye mwenyewe alivutwa na ile historia kwamba pombe ilikuwa bidhaa ya biashara kati ya Wazungu na Waafrika na ikaingia mpaka kwa biashara ya watumwa. Vile vifuniko akavipondaponda vikawa bapa, vingine akavikunja, vingine akavisokota, akavitoboa akaviunga kwa waya wa shaba, kimoja kwa kimoja, yeye na vijana wengi wa kumsaidia, mpaka kinatokea kitu kikubwa kinafunika ukuta mzima kinang'ara dhahabu na nyekundu. Ni bati lakini linaanguka na mikunjo kama kitambaa. Na kila likitundikwa mahali pengine linakunjwa upya, halikai sawa mara mbili. Mwaka wa 2015 akapewa tuzo ya Simba wa Dhahabu kwenye maonyesho ya sanaa ya Venice, Italia, kwa kazi ya maisha yake, heshima kubwa sana kwa wasanii, na 2023 akajaza ule ukumbi mkubwa wa jumba la sanaa la Tate Modern, London. Nilipotazama klipu za vijana wake wakiunga vile vipande niliwakumbuka moja kwa moja wanaume wetu wa hapa wanaoshona kofia za vito barazani, uvumilivu ule ule, tundu baada ya tundu, na mtu hawezi kuona sura ya kazi mpaka ikaribie kuisha.

Sasa tuje kwetu, nianze na kazi yangu manake watu wanaiona rahisi.

Unga wa hina nauchunga kwa kipande cha mtandio mwepesi mpaka uwe laini kabisa, chembe moja ikibaki inaziba mdomo wa koni na mstari unakatika katikati ya kiganja cha bi harusi. Naukanda na maji ya ndimu, sukari kidogo ili ushike ngozi usibanduke mapema, na matone ya mafuta ya karafuu, halafu naulaza. Koni yenyewe naikata kwa ile nailoni ngumu ya kufungia maua na zawadi, naizungusha, naibana kwa selotepu. Hapo bado sijachora chochote. Nikikaa na bi harusi kwanza nashika mkono wake naugeuza, natazama ngozi inakunjika wapi, vidole ni virefu au vifupi, kwa sababu ua ukiliweka juu ya mkunjo, mkono ukifunga ua linavunjika. Tawi nalianzia kifundoni nalipandisha mpaka kwa kidole cha shahada, nikijua huyu ataongea kwa mikono siku nzima na mchoro lazima uende na yeye. Kiganjani hina inakolea sana ngozi ni nene, mgongoni mwa mkono inakuwa nyepesi zaidi, kwa hivo mistari ya juu naifanya minene kidogo ili mwishowe zote zionekane sawa. Na hakuna kufuta. Mwenye karatasi anafuta, mimi mstari nikiuweka nimeuweka.

Piko ndo ile nyeusi ya kuzungushia maua ya hina, inapendeza, lakini niseme hapa wazi manake ni nafasi ya gazeti, hizi piko za rangi ya nywele zinachoma ngozi za watu wengine mpaka malengelenge, mimi mtoto mdogo simpaki hata mamake akinibembeleza vipi.

Baada ya wiki mbili hivi ule mchoro wote umeondoka. Hauwezi kuutundika ukutani, hauwezi kuukuta Makumbusho ya Lamu, na nadhani ndo maana watu hawatuiti wachoraji, tunaitwa wapakaji tu. Lakini kuna Mbrazili anaitwa Vik Muniz, mwaka wa 1996 alichora watoto wa wafanyakazi wa mashamba ya miwa wa kisiwa cha St. Kitts kwa sukari. Sukari hii hii ya chai. Aliinyunyiza juu ya karatasi nyeusi akaipangapanga mpaka sura ya mtoto ikatokea, akaipiga picha, sukari ikaondolewa, na ile picha ndo imebaki makumbusho yanaigombania. Na Malaysia kuna dada anaitwa Hong Yi anaechora bila brashi, mwimbaji mmoja mashuhuri wa Taiwan alimchora mwaka wa 2012 kwa alama za kitako cha kikombe cha kahawa tu, duara juu ya duara, pengine nzito pengine nyepesi, mpaka uso ukatoka. Barazani kwetu vikombe vya kahawa vinazunguka kila jioni na vinaacha duara hizo hizo kwenye saruji. Mimi nikaona basi na sisi kina mama wa hina tunaweza, kila kazi nzuri ipigwe picha kwa ridhaa ya mwenye mkono, mkono tu bila uso, iwekwe mahali pamoja ili msichana anaejifunza leo aone nyanya zake walikuwa wanaweka nini. Saa hizi tunapoteza maua kila msimu wa harusi, mitindo ya bibi zetu imekwenda nao, na wasichana wanaiga zile za kwenye simu kutoka India na Dubai ambazo ni nzuri sikatai lakini si zetu.

Hiyo ni hina. Ukitoka ukaenda ufuoni nako ni hadithi nyingine kabisa. Watoto wa Kiwayu, kisiwa cha hapa hapa Lamu, walikuwa wanaokota ndara, yaani kandambili, zinazoletwa na mawimbi, wanazikata wanatengeneza samaki na magari ya kuchezea, na mwishoni mwa miaka ya 1990 mtaalamu wa bahari Julie Church akawaona, na kutoka hapo ndo ikazaliwa Ocean Sole yenye karakana yake Nairobi, inayochonga twiga na ndovu na simba kwa ndara kuukuu, rangi zimepangana tabaka tabaka, na wanauzwa mpaka nje ya nchi. Nawapongeza walioona thamani pale. Swali langu linatuhusu sisi, mbona jicho lililoona lilikuwa la mgeni, na wale watoto walimu wao na wazazi wao tulikuwa tunawaambia waache mchezo wakasome?

Halafu FlipFlopi, hii kila mtu wa Lamu anaijua. Septemba 2018 fundi Ali Skanda na wenzake walitia majini hapa chombo cha mita 9 kilichoundwa kwa plastiki iliyotupwa, karibu tani 10 za plastiki, na ubavuni kimevikwa ndara za rangi zote, kama 30,000 hivi. Mwaka wa 2019 kikasafiri hadi Zanzibar. Watu wanaongea sana juu ya mazingira, na ni sawa, lakini mimi kilichonishika ni ufundi, plastiki iliyeyushwa ikamiminwa ikawa mkuku, ule uti wa chombo, na mataruma, zile mbavu zake, na mbao, halafu mafundi wakaifanyia kazi kwa ujuzi ule ule wa kuundia vyombo vya mti. Kitu kipya kabisa mikononi mwa watu wanaofuata kazi ya babu zao. Na zile ndara ubavuni ni mchoro, bwana, ni picha kubwa inayokwenda baharini, sijui nani atakwambia hiyo si sanaa.

Na wala si mambo ya juzi. Wazee wetu hawakuwa na duka la vifaa, walichoma matumbawe wakapata chokaa, na kwa chokaa hiyo wakachonga zidaka, vile vijishubaka vya ukutani, safu kwa safu ukuta mzima, ingia kwa ile nyumba ya makumbusho ya Waswahili hapo mjini utazame mistari ile ilivyonyooka. Kule Siyu, kisiwani Pate, walikuwa wananakili misahafu kwa mkono na kuipamba kwa wino mweusi, mwekundu na wa manjano, kazi ya kumaliza macho. Milango ya nakshi sizungumzi, mgeni anavuka bahari kuja kuipiga picha. Mwaka wa 2001 UNESCO ikautia mji wetu kwenye urithi wa dunia, na kinachofanya uwe urithi ni mikono ya watu, kuta peke yake hazijichongi.

Kuna mzazi mmoja tuliongea nae baada ya ule mkutano, mtu wa dini na ninamheshimu sana, akanambia dadangu, sanaa ni kuchora sura za viumbe na hilo sisi hatulitaki kwa watoto wetu. Nikamwambia sawa, asiyetaka sura asichore sura. Mlango wa nakshi una sura ya nani? Zidaka? Hati nzuri ya aya ukutani? Mimi nimelea watoto kwa maua na majani na mistari, na sijawahi kukosa kitu cha kuchora. Hapo akanyamaza kidogo akasema hilo ni kweli, lakini sanaa haina kazi mwanangu atakula nini. Basi nikamuonesha mlango wa nyumba alioegemea, nikamuuliza aliuchongesha kwa bei gani.

Walimu nao wanasema mafundi hawana vyeti. Sijasema fundi aajiriwe na serikali kesho. Nasema nusu siku, fundi wa mlango aje darasani na patasi yake na bikari na kipande cha mti wa mbambakofi, watoto waone duara moja linavogawanywa mpaka linakuwa waridi, hapo wamepata hisabati na sanaa kwa wakati mmoja. Mama wa kijiji cha Matondoni aje na ukili wake wa kusukia mikeka awaoneshe vile rangi inaingia kwenye mkeka. Wiki nyingine wapelekwe ufuoni na magunia, warudi na ndara na vipande vya plastiki na vya nyavu, na mwalimu kazi yake iwe kuwauliza tu, sasa kwa hivi mnaweza kutengeneza nini. Hivo ni vifaa vya muhula mzima na ufuo umesafishwa.

Vitabu vya hadithi vya watoto pia mniruhusu niviguse. Marekani kulikuwa na Eric Carle, alifariki 2021, michoro ya vitabu vyake alikuwa anapaka rangi karatasi za shashi kwa mkono, akizikata, akizibandika, mtoto akifungua kitabu anaona kabisa alama za brashi na kingo za karatasi na anapata hamu ya kujaribu mwenyewe. Vya kwetu vingi vinavofika hapa vina picha za kompyuta zote sura moja, punda wake hafanani na punda yeyote anaepita Langoni. Kwa nini hadithi ya Kiswahili ya mtoto wa Lamu isichorwe na kijana wa Lamu kwa vipande vya kanga kuukuu, au kwa hina juu ya karatasi? Hina juu ya karatasi inashika, nshajaribu, inatoa rangi ya udongo ya kupendeza sana na ukiongeza ndimu inabadilika.

Kwa hivo ninayoomba si makubwa. Shule zetu za sekondari zisifunge huu mkondo wa sanaa kwa sababu ya rangi za dukani, na ambayo kweli haiwezi ifungue hata klabu ya jioni. Kaunti itupe chumba kimoja hapa mjini kikae wazi mwaka mzima, si wakati wa Maulidi na tamasha na msimu wa watalii tu, mahali ambapo mshona kofia na mchonga mlango na mtoto wa ndara na mpakaji hina wataweka kazi zao na majina yao chini yake, manake mgeni akija na turubai lake akachora mlango wetu jina lake linaandikwa, na aliechonga ule mlango hakuna anaemjua. Na wewe mhariri, nakuomba ukurasa wa watoto uchukue michoro ya watoto wa pwani, iliyochorwa kwa kitu chochote, mkaa, karatasi za sabuni, mchanga, na iandikwe ilichorwa kwa nini na vipi, ili mtoto wa Faza au Kipungani akiisoma ajue na yeye anavyo hivo vitu nyumbani.

Kwa upande wangu niko tayari kuanza. Shule yoyote ya hapa mjini au ya vijijini ikiniita naja na hina yangu na koni zangu, malipo sitaki, nipeni karatasi tu na watoto na meza moja ya kivulini. Isiwe Ijumaa mchana, na isiwe wakati wa harusi nyingi baada ya Idi hapo sina nafasi, siku nyingine zote mlango wangu uko wazi na watu wa Langoni watawaonesha.

Ni mimi msomaji wenu,
Mpakaji hina, Langoni, Lamu